Jina Letu Lilivyoachwa Delos

Ano Mera, Mikonos
Jumanne, 13 Juni 2017

Mpendwa ndugu yangu Anargiros,

Salamu nyingi kutoka kwa Anargiros mwenzio. U hali gani huko Melbourne? Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na shemeji Despina, kile kikohozi kimemwacha? Huku sisi wazima. Mimi meno yamebaki ya kutosha kutafuna jibini laini na kuuma watu wachache.

Utashangaa kupata barua, maana kila Jumapili tunaongea kwa simu. Simu nimeichomoa ukutani. Wewe mazungumzo yakikukaa vibaya hujifanya laini imekatika, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Upepo wa kaskazini umeanza mapema mwaka huu, umenilaza nyanya zote chini. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Habari nzuri zimeishia hapo.

Sasa mjukuu. Tangu Thodoris wangu apate mtoto wa kiume, mtoto anaitwa Bebi tu, kama watoto wetu wote kabla ya ubatizo. Nami sikuuliza ataitwa nani. Kuna haja gani ya kuuliza? Wanawe babu yetu Anargiros kila mmoja alimpa kifungua mimba wake jina la mzee, ndiyo maana tuko wawili. Baba yangu alikuwa Thodoris, na mwanangu ni Thodoris. Majina ya ukoo wetu yanakwenda kama miguu ya mtu anayetembea, huu mbele, kisha ule. Zamu hii ilikuwa ya mguu wangu. Tena wewe umezaa mabinti watupu, na wajukuu zako wana majina kama timu ya kriketi. Si wewe uliyeniambia, "Umebaki wewe tu, ndugu yangu, usituangushe"?

Alhamisi akaja Thodoris na mkewe Ismini, yule aliyesomea mawe ya kale Athens, nyuso zao zimejaa tabasamu.

"Baba, leo tunakupeleka Delos," akasema Thodoris.

"Delos nitafuata nini? Nilikuwa navusha kondoo kwenda kuwalisha kule wewe hujawa hata wazo."

"Lakini hujaenda na mjukuu wako," akasema Ismini.

Hapo akanipata. Nikavaa kofia.

Ndani ya boti nilimpakata mtoto, akawa anavuta masharubu yangu kama anang'oa magugu. Tulipofika Ismini akatutembeza kwa wale simba wa marumaru, ambao mimi naona wamekonda kama paka wa Padre Nektarios. Jua likanichosha, nikakaa kwenye kipande cha nguzo. Mlinzi akapuliza filimbi.

"Mzee, inuka hapo, hiyo nguzo ni ya kale."

"Na mimi ni wa kale," nikamwambia, "lakini huyu mtoto kanikalia tangu asubuhi na hujampulizia filimbi."

Halafu wakanilisha. Mpendwa ndugu yangu, hapo ndipo iliponipasa kushtuka. Vipande vya nyama, jibini kali, divai, na hata ile soseji ya kukausha ambayo Thodoris hunificha kwa sababu ya presha. Akanikatia mwenyewe, tena vipande vinene. Nikala, nikamsifu mwanangu, nikambariki mkwe wangu. Mjinga mimi.

Nilipokwisha kufuta mdomo, Ismini akambeba mtoto akasimama mahali palipokuwa na hekalu. "Baba, wazee wa zamani walisema mungu wao Apolo alizaliwa kisiwa hiki. Jina lake jingine ni Foivos." Akamwangalia Thodoris. Thodoris akamwangalia mjusi. "Basi sisi tumeamua mtoto aitwe Foivos."

"Foivos nani?"

"Foivos huyu, baba."

Kwanza nilicheka, nikidhani ni divai. Kisha nikaona mwanangu bado anamtazama yule mjusi.

"Anargiros ni jina zito," Ismini akasema polepole. "Watoto wa shule watamcheka."

"Mimi walinicheka, nikawapiga. Mikono hii unadhani ilikomaa kwa kukamua mbuzi?"

Ningekuwa nyumbani ningetoka nikabamiza mlango. Delos nitabamiza mlango gani? Nyumba zote hazina hata paa. Boti inarudi saa tisa alasiri, na pande zote nyingine ni maji. Basi nikafanya nilichoweza. Ismini mwenyewe alikuwa ametueleza kwamba hapo kale ilikatazwa mtu kuzaliwa au kufa kisiwani mle. Mja mzito na mgonjwa wote walivushwa kisiwa cha pili, Rinia. Nikalala chali juu ya mawe yao. "Nafia hapa hapa," nikasema, "niwavunjie sheria."

Mlinzi akaja, filimbi bado mdomoni. "Mzee, hapa kufa ni marufuku tangu enzi hizo. Boti yako ni ya saa tisa. Kafie Mikonos."

Thodoris akacheka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba na mimi kidogo nicheke.

Nilipoinuka, Thodoris akadhani nimelainika. Akatoa kikasha mfukoni. "Baba, usione ni sisi peke yetu. Hata baba mdogo ameridhia." Kumbe ni kidani cha dhahabu, upande mmoja jicho la buluu la kuzuia husuda, upande wa pili limechongwa: Foivos. "Alikituma kutoka Melbourne tangu Pasaka. Na yeye ndiye aliyesema tusikwambie nyumbani, utarusha viti. Alisema tukupeleke mahali usipoweza kuondoka mwenyewe, na kwanza ule ushibe."

Ndugu yangu, mwanangu nimemzaa mimi, upumbavu wake najua alikoutoa. Mkwe wangu amependa mawe tangu shule, nitamlaumu nini. Lakini wewe? Tangu Pasaka kila Jumapili umenipigia. Nimekueleza jinsi nilivyopeleka suti yangu ya harusi kwa fundi ailegeze kiuno kwa ajili ya ubatizo. Ukaniuliza ni ile ya rangi ya kijivu? Ukasema itanipendeza nikisimama pale jina letu likitajwa. Umesema "jina letu", na kile kidani umeshakituma. Ulijua, ukaniacha nilegeze suruali.

Jumapili wakambatiza. Padre akamuuliza msimamizi jina la mtoto, msimamizi akalitaja, na kanisa zima likageuka kuniangalia mimi badala ya mtoto. Nikatazama dari. Baadaye Padre Nektarios akanipiga bega. "Usihuzunike. Jina hili halina mtakatifu wake, basi atakuwa anasherehekea jina lake siku kama ya leo, pamoja na Watakatifu Wote."

"Yaani pamoja na wasio na kwao," nikamjibu.

Nilipopewa mtoto nikamwita kwa jina lenu, hakugeuka. Nikamwita sikioni kwa jina letu, akanikojolea suti nzima. Nimeichukua hiyo kuwa ndilo jibu lake, na mpaka sasa ni yeye pekee katika ukoo huu aliyenijibu bila kunizunguka.

Kidani chako kiko shingoni mwake. Nilitaka kumvalisha mbuzi mweusi, Ismini akaniwahi.

Nisalimie Despina, mwambie anywe maji ya moto na asali. Nisalimie binti zako Kaliopi na Marigo pamoja na timu yao ya kriketi. Thodoris anakusalimu, anadhani nakuandikia juu ya nyanya. Mungu alitengeneze goti lako na akuzidishie miaka, maana sikutakii kufa. Nakutakia uishi sana na ukumbuke vizuri.

Tarehe mosi Julai ni siku ya jina letu. Miaka yote wewe ulinipigia kunitakia heri, nami nikakutakia wewe, watu wawili tukijipongeza wenyewe kama vichaa. Mwaka huu usipige. Nitamimina glasi mbili kama kawaida, nami nitazinywa zote.

Wako akupendaye, hata sasa,

Anargiros
wa mwisho