Anayefunga kwa Ajili ya Guleid

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Ofisi sasa ina chumba cha kunyonyeshea. Yaani kibandiko kipo mlangoni — mama, mtoto, ua. Nikachungulia ndani. Matairi. Bosi, Bwana Olow, akanikuta hapo. "Chumba kipo, Muslimo. Matairi yanapumzika tu."
Hamdi alipokuwa mchanga nilikamua maziwa chooni, nikayamwaga kwenye sinki huku watu wakigonga mlango. Matairi yamepata heshima kuliko mimi.

Jumatano, 8 Oktoba
Lul, anayetulelea Hamdi, anaolewa. Anarudi kwao Tarbaj. Harusi kwake, matanga kwetu. Kituo cha watoto hapa mtaani Iftin kinataka karibu nusu ya mshahara wangu, na uji tulete wenyewe.
Mume wangu Mustafe alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema: basi mtoto wa pili asubiri. Nikasema sawa, kijiti cha kuzuia mimba kibaki. Kimo mkononi mwangu tangu Hamdi aanze kutembea. Tumekubaliana vizuri sana, kila mtu akaenda kulia kwake — yeye msikitini, mimi kwenye kufua.
Jina tunalo. Guleid. Mtoto ndiye hatuna.

Alhamisi, 16 Oktoba
Simu kutoka Habaswein, mama yake Mustafe — hooyo wetu. Hooyo Fatumo huuliza kila wiki, na kila wiki tunamjibu: Allah hajaandika. Jibu zuri. Nani atabisha?
Leo kasema anafunga Jumatatu na Alhamisi, atuombee Allah aandike. Tangu lini? Tangu Idi ya kuchinja.
Mustafe akaiweka simu mezani polepole, kama yai.
"Mwambie," nikasema.
"Mwambie wewe. Mkono ni wako."

Jumatatu, 20 Oktoba
Sikukuu ya Mashujaa. Hooyo amekuja na chupa ya maji yaliyosomewa Kurani. Amekonda — bangili zilizokuwa zikimbana sasa zinateleza hadi kiwiko. Nikamsihi ale, msafiri ana ruhusa.
"Nikila mimi, Guleid ataombewa na nani?"
Kumbe Mustafe alimtajia hata jina.
Maji nimeyanywa yote, yeye akinitazama. Bismillah, mimi na kijiti changu.

Alhamisi, 23 Oktoba
Magharibi nilimpelekea Hooyo tende. Akataka kuinuka, kizunguzungu kikampata, akanidaka mkono wa kushoto. Juu, pale pale. Nikamkalisha. Hakuniachia. Vidole vikarudi nyuma kidogo, vikapapasa, vikasimama.
"Muslimo, mwanangu. Hapa pana nini?"
Mustafe akageukia dirisha. Dirisha lenyewe lina pazia.
Nikasema naleta chai. Naandika haya jikoni, chai imeshafurika mara mbili. Adhana imekwisha zamani. Namsikia Mustafe akimbembeleza mama yake afuturu, hata tende moja tu, hooyo. Na yeye anamjibu, kwa upole kabisa, kwamba atakula nikisharudi —