Nyambura Wawili, Kiti Kimoja

Ukiokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama umeshasoma, nyamaza. Zaidi ya wote, asilione Bi Wairimu, mwenye ofisi.

Jumatatu, 2 Desemba
Baridi. Mlima haukuonekana. Nimepanga faili, nimechemsha chai. Picha nyingine kutoka Laos: Mwalimu Kariuki wa Kiganjo, mkewe, mamake na binti yao, miguu mtoni, wakila wali wa kunata kwa vidole. Mwalimu ameandika kwamba huko hakuna anayekimbilia kitu. Ni safari ya kwanza niliyoikatia tiketi peke yangu. Nilifurahi.

Jumanne, 3 Desemba
Nimefungua faili yao. Kwenda, abiria wanne. Kurudi, watatu.
Nakumbuka. Kwenye orodha ya kurudi niliona Nyambura Kariuki mara mbili. Nikadhani nimerudia. Nikafuta mmoja. Kumbe Shosho, mamake Mwalimu, ni Nyambura na mjukuu ni Nyambura. Mimi mwenyewe nina jina la nyanya yangu, kama kila msichana wa huku. Mjinga.
Wanarudi Jumamosi.

Jumatano, 4 Desemba
Kwenye ndege ya kurudi vimebaki viti vitano. Bi Wairimu peke yake ndiye anayeweza kuongeza abiria. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kukosea tarehe. Sikusema.
Picha: mashua ya polepole, kutwa nzima. Shosho amesinzia, mdomo wazi.

Alhamisi, 5 Desemba
Viwili.
Nani angeachwa uwanjani? Mama wa miaka sabini, au mtoto wa miaka sita? Bi Wairimu aliuliza mbona sinywi chai. Nikasema tumbo. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 6 Desemba
Asubuhi, kiti kimoja. Nilienda mezani kwake nikasema yote nikiwa nimesimama. Hakufoka. Alikata tiketi ya kile kiti kwanza, kisha akampigia Shosho na kunipa simu. "Mwambie wewe."
Nikamwambia.
"Ati mlifuta nani, mimi ama huyu kadogo?"
"Sijui, Shosho. Majina ni sawa."
"Basi ni mimi. Huyu hajakosea mtu." Akacheka. "Na ningekaa tu, msichana wangu. Huku hata kuku hawana haraka."
Nililia chooni. Bi Wairimu alisema tutaongea Jumatatu. Hakusema tutaongea nini.

Jumapili, 8 Desemba
Wamefika. Mwalimu ametuma picha wakiwa langoni Kiganjo, nyuma yao mlima wote wazi. Wanne. Nimewahesabu mara mbili.
Nimekunja sweta yangu ya ofisini. Sijui kama nitaihitaji.
Ukiliokota daftari hili, si siri tena. Lilete Nyeri, ofisi ya tiketi iliyo juu ya duka la mbegu, uulize Muthoni. Ukiambiwa nimeondoka, njoo Gakindu siku ya soko, kwa mama mzee anayeuza nduma karibu na kanisa. Mwambie unamtafuta Muthoni mdogo. Usiseme Muthoni tu. Ataitika yeye.