Alama ya Kidole Kwenye Kioo

Mama yangu mpendwa,

Ninakuamkia kwa heshima kutoka huku Japani, nikiomba barua hii ikukute umeketi, kifua kimetulia. Dada akusomee polepole, wala asiruke mistari inayoniaibisha. Je, kikohozi kimekwisha? Mihogo ya Lweba imeshika? Mimi ni mzima, ila nina habari ya kusahihisha.

Setelaiti yetu, ile niliyokueleza kuwa itapiga picha za maziwa kutoka angani, imekwisha kukabidhiwa kwa watu wa roketi. Ni kisanduku kinachoenea katika viganja viwili. Kwa miezi mingi tulikitikisa, tukakipasha moto, tukakigandisha, tujue kama kitastahimili safari. Tulikishughulikia katika chumba ambacho hata hewa yake huchujwa, nasi tumevaa glavu na kofia kama waganga wa upasuaji. Chumba hicho hakina harufu, Mama. Mara nyingi nilisimama humo nikitafuta mawese yanayochemka, au ndagala za ziwani zilizoanikwa mchangani Swima, bamama wakizigeuza huku wakitaniana, nikapata hewa tupu. Sikujua kwamba hamu ya nyumbani hukaa puani.

Nilikuwa nimechaguliwa mimi kukiweka kisanduku hicho, kwa mkono wangu, ndani ya mtambo utakaokirusha. Nawe, najua, umekwisha kuitangaza habari hiyo soko zima la Baraka.

Asubuhi ya kukabidhi aliingia mzee mkaguzi wa upande wa roketi, mvi zikichungulia chini ya kofia. Aliinama kunisalimu. Nikakumbuka siku ile nilipompa pasta mkono nikiwa nimevaa glavu za kaka za ugolikipa, nawe ukanipigia kelele mbele ya watu: "We! Unasalimia mukubwa na mukono ya kufunika? Unamuficha nini?" Kabla sijafikiri, nilikuwa nimevua glavu, nimeshika kiwiko kwa kushoto, nimempa mkono wa kulia. Akaupokea, akacheka. Papo hapo nikaigusa meza, kisanduku kikayumba juu ya kishikizo chake, nami nikakidaka. Kwa mkono mtupu.

Baadaye mzee alikimulika kwa taa. "Kuna alama ya kidole kwenye kioo cha paneli ya jua."

Kiongozi wetu, mama mfupi mwenye sauti ndogo, akauliza ni nani. Mzee alijua, akatazama sakafu. Ningeweza kunyamaza, na kazi ya kukiweka ingebaki yangu.

"Ni mimi," nikasema. Lakini unanijua: sikuishia hapo. Nilianza kumthibitishia kwa fizikia kwamba alama moja haipunguzi umeme wa maana, kisha nikaingia katika falsafa ya salamu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

"Basi endelea huku ukisafisha."

Nilisafisha kwa spiriti na kitambaa laini mpaka mzee akaridhika. Tulikifikisha kwa wakati. Aliyekiweka, hata hivyo, ni msichana mwenzangu. Mimi niliambiwa nisimame nyuma ya mstari wa njano, nikasimama. Kilipoingia, wenzangu walipiga makofi. Mimi nilichelewa kidogo.

Tangu siku hiyo ninabishana na nafsi yangu. Kanuni ya chumba ni ya haki, sina hoja ya kuivunja. Lakini vitabu vyote nilivyosoma havijaniambia ningewezaje kumnyima mzee yule mkono.

Nisalimie baba mdogo mwenye boti, na shangazi wa Kilembwe. Mwambie sombe yake, ile ya majani machanga ya mihogo, naiota. Na Koko, bibi yetu kibogoyo, nimwombee nini zaidi ya meno? Dada, asante kwa sauti yako.

Na wewe, Mama, bamama wa soko watakuuliza. Usiniongezee chochote. Wakitaka kujua nani alikiweka, sema ni msichana wa watu, mwenye mikono mizuri. Wakiuliza mwanao alifanya nini, sema alikichafua, akasema ni yeye, akakisafisha.

Kitinda mimba wako mbishi,
Wilondja