Nitaeleza Saa Ngapi?

Saboti, Kitale

Kwa Baba yangu,

Nakusalimu wewe na Mama. Kifua chako kimetulia tangu mvua ianze? Na tumbaku imekauka? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo bado inatetemeka. Usishangae kupata barua mkononi mwa dereva wa lori la mahindi. Simu yangu iko kwa polisi.

Baba, mwanao nimepelekwa korti. Pampu ya kunyunyizia dawa ilipotea shambani ninapofanya kazi, ikapatikana kwangu. Msimamizi mwenyewe ndiye aliniambia niiweke kwa sababu stoo haina kufuli. Polisi walipokuja akaniruka, ati hajui kitu.

Kwa seli ya korti nilikaa na mzee wa kwetu Malakisi, Mzee Wanyama, yule wa nyuma ya kanisa. Alikuja huku kutafuta miti ya kujengea banda lake la tumbaku, akashikwa na gogo la msitu wa serikali. Aliniambia mti uliangushwa na upepo, yeye aliukuta chini. Nilimwamini.

Sasa sikia. Karani alitusomea mashtaka, kila mtu yake, akauliza kama ni kweli ama si kweli. Si wewe ulitufundisha, mkubwa akikusema, kubali kwanza umpe heshima, halafu ujieleze? Nikajibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Mzee Wanyama pia. Hakimu akaandika. Nilidhani anaandika adabu yetu, kumbe tumekubali makosa.

Baadaye mwendesha mashtaka akasoma habari yote ya kesi ya mzee, na mzee akaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Akainamisha kichwa, "Ni hivyo, mheshimiwa." Hapo hapo akafungwa miezi mitatu. Akipitishwa karibu nami, alikuwa akimuuliza askari polepole, "Sasa nitaeleza saa ngapi?"

Jina langu likaitwa. Waliposoma habari ya kesi yangu, ati niliiba, nikasema, "Hapana, hiyo si kweli. Nilipewa niweke." Nilingoja kugombezwa kwa kubishana na wakubwa. Hakimu akabadilisha maandishi yake, akaandika nimekana, akasema nina haki ya kupewa maelezo ya mashahidi na kuleta wangu. Mama Wanjiru, jirani yangu anayeuza viazi, akanisimamia kama mdhamini. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa nje.

Lakini mzee yuko ndani, na mkewe anafikiri bado anatafuta miti. Karani ameniambia mzee ana siku kumi na nne za kukata rufaa aseme hakuelewa alichokubali. Nne zimeshaisha. Tafadhali, ukimaliza kusoma hii enda kwa huyo mkewe, hata kama hujala. Mwambie aje Kitale na mtoto wake mkubwa, nitawapeleka kwa karani mimi mwenyewe.

Nisalimie nyanya yetu, Kukhu, mwambie maombi yake nimeyaona. Nisalimie dada yangu Nasimiyu na watoto wake. Na yule mdogo wangu Simiyu, ambaye umemchapa miaka yote kwa kujibu wakubwa, msalimie zaidi ya wote. Unisamehe kwa kusema hivi, Baba, lakini mwache ajibu.

Mwanao aliyekaribia kufungwa kwa heshima,
Wekesa