Meli ya Lamu na Mbaine wa Baba

Jumatatu, 10 Mei 2021

Shule zimefunguliwa leo na mimi siko. Mwaka wa pili wa kustaafu na bado saa mbili asubuhi mkono unatafuta chaki. Badala yake nimekalishwa mkutanoni. Kamati ya Bandari! Hapa Mikinduri! Kutoka hapa hadi baharini ni siku nzima ya gari na makalio kufa ganzi, lakini kamati tunayo. Na mwenyekiti ni nani? Mutembei, mdogo wangu wa tumbo moja. Huyo huyo aliyechora ramani ya Kenya darasa la sita akasahau bahari yote. Nilimchorea mimi, kwa penseli.

Hoja yake: Mombasa imejaa. Meli zinapanga foleni nje kama wagonjwa kliniki. Zile kubwa za siku hizi haziingii kabisa, maji hayatoshi. Lamu wamejenga bandari ya kina kirefu, meli yoyote duniani itaingia. Barabara itatoka huko ipitie Garissa ifike Isiolo. Na Isiolo ni hapo tu! Kwa hiyo tung'oe miraa, tupande avokado, tungoje meli.

Mengi ni ya kweli. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, siwezi kukataa. Ni hiyo “kwa hiyo” iliyonichekesha. Nikacheka kwa sauti. Watu wakageuka.

Ednah, mke wake, ndiye mwakilishi wa akina mama. Alipiga makofi hata kabla hoja haijaisha. Ednah angepigia makofi tangazo la kifo.

Alhamisi, 20 Mei

Meli imefika Lamu! Tumeiona kwa televisheni ya Ednah, kwenye kibanda chake cha chai, ambacho tangu juzi kimepakwa rangi ya bluu na kuandikwa DEEP SEA HOTEL. Supu ya mbuzi, chapati, maharagwe. Samaki hakuna. Hata dagaa.

Barakoa zote zilikuwa kidevuni. Meli ikatokea, makontena juu yake, maboti yanaizunguka, watu wakasimama. Mmoja akavua kofia. Mwingine akauliza kama siku isiyo na mawingu meli itaonekana kutoka kilele cha Nyambene. Hakuna aliyecheka ila mimi.

Mutembei akapanda juu ya benchi. Mita kumi na saba na nusu! Mita kumi na saba na nusu! Kama vile ni yeye aliyechimba. Akaitukana Mombasa, kwamba ni dimbwi la bata. Mbolea iliyo ghalani kwake imepitia dimbwi hilo hilo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Nikajaribu kueleza. Kwamba kina peke yake si biashara. Kwamba bandari ya namna ile kazi yake kubwa ni meli kubwa kushusha makontena, meli ndogo ziyachukue na kuyasambaza. Avokado ya Mikinduri inataka kontena la friji, inataka lami, na lami ya Garissa kwenda Lamu haijaisha. Ilikuwa kama naeleza mbuzi wa supu. Mtu akaniambia nisilete roho chafu siku ya furaha.

Bandari ina kina cha mita kumi na saba na nusu. Akili ya ndugu yangu ni sentimita mbili, na hapo maji yamejaa.

Ednah aliniletea chai ambayo sikuagiza. Mwalimu, kunywa, usikasirike. Miaka yote hii hajawahi kuniita wifi. Chai yenyewe haina majani. Nikaiacha.

Jumapili, 23 Mei

Mhubiri naye! Petro ameambiwa apeleke mashua mpaka kilindini, basi na sisi tusiogope kina kirefu. Amina, amina. Nikakaa nikiwaza: Kilindini ni jina la bandari ile ile ya Mombasa. Walioipa jina waliona ina kina cha kutosha. Kesho watu watajenga meli kubwa zaidi na Lamu nayo itaitwa dimbwi. Sikumwambia mtu. Nani ataelewa?

Jumanne, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka.

Kijana wa kampuni amekuja, viatu vimechongoka, simu mbili. Kampuni itanunua avokado yote, itaipeleka Ulaya kwa meli, lakini mkulima atasaini ikiwa shamba ni safi. Mti hata mmoja wa miraa usibaki. Nikamuuliza Ulaya wanajuaje mti ulio kando ya nyumba ya mama yangu. Akanijibu kwamba “market iko very strict, mathee.” Mathee! Nilimtazama mpaka akaangalia viatu vyake.

Mutembei amekubali. Miraa yote ing'olewe. Nikauliza: na mbaine wa Baba? Akasema yote.

Mbaine ni mti mkongwe wa miraa, ule uliopandwa na watu ambao hata majina yao tunayabahatisha. Huu wetu ulipandwa na babu yake Baba. Haukatwi. Haujawahi kukatwa mbaine Mikinduri nikiwa na akili zangu. Matawi yake ndiyo yanayofungwa kwenye majani ya ndizi yakapelekwa kwa wazazi wa msichana vijana wetu wakitaka kuoa. Mwanamke haukwei, hauchumi. Nimeupita kila siku tangu nitambae na sijawahi kuuwekea hata kiganja. Lakini ndio ulionisomesha! Wengine wa rika la Baba waliuza miraa wakaoa mke wa pili. Yeye alipanda juu kila wiki, akafunga, akauza, nikaenda Chuo Kikuu. Mti nisioruhusiwa kuugusa. Nikimwona mtu na shoka karibu nao, sijui nitafanya nini.

Nilimwambia Mutembei maneno mengi. Mengine yalikuwa makali. Akanijibu bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichoma. “Wewe uko na pensheni, mwalimu. Mimi niko na miraa. Somalia wamefunga ndege za miraa tangu mwaka jana, ninyi wasomi mmeona? Miraa inakauka kwa gunia. Avokado inaweza ngojea meli. Miraa haingoji mtu.” Halafu: “Hata hao walikuja kukuposa uliwacheka tu. Hakuna mtu mzuri kwako.”

Imeniuma. Basi.

Ijumaa, 4 Juni

Wameng'oa miraa midogo. Safu nzima ya upande wa mto. Mizizi juu, udongo mwekundu. Kijana wa kampuni alipiga picha akatuma mahali.

Mama ametolewa nje kwenye kiti chake akaota jua na kutazama. Ana miaka themanini na nane, anasikia anachotaka. Nikamwambia azungumze, yeye ndiye mkubwa. Akasema miti ni ya wanaume, wanaume waamue. Kisha akauliza hiyo meli inakula nini.

Jumatano, 9 Juni

Ha! Hakuna wa kuukata!

Mutembei amezunguka soko lote. Wachoma makaa, mafundi, hata wale walevi wa nyuma ya posho mili. Kila mmoja ana mgongo unaouma ghafla. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba ana watoto, hataki kuwazika. Mwenyekiti wa Kamati ya Bandari, anayetaka kuleta meli za dunia nzima, hawezi kuangusha mti mmoja nyumbani kwake! Nilikula ugali mara mbili.

Jioni Ednah akaja akasimama mlangoni kwangu na leso yake imefungwa vibaya. Alikuwa na jambo la kuniambia juu ya ule mti. Nikamwambia akaliandike kwenye minitsi za kamati. Akaifunga leso upya, akaenda. Debe tupu haliachi kuvuma, sina muda wa kulisikiliza.

Ijumaa, 11 Juni

Nimesikia. Mutembei amepata mtu Embu. Anaitwa Njue, ana msumeno wa petroli, na mbaine kwake ni kuni tu kama kuni nyingine. Anakuja kesho asubuhi. Labda ndilo Ednah alilotaka kuniambia.

Nimeazima ngazi ya fundi wa mabati. Nimejaza chupa ya chai. Yangu ina majani.

Jumamosi, 12 Juni

Naandika nikiwa juu. Juu ya mbaine wa Baba! Mwandiko huu si wangu, ni wa upepo.

Nilipanda kabla hawajaamka, na kikapu begani: chai, ndizi mbili, miwani, shajara hii. Nilipofika kwenye panda ya kwanza nikaipiga ngazi teke ikaanguka, ili mtu asinifuate. Wakati ule nilijiona nina akili sana.

Gome ni laini kuliko nilivyodhani. Kuna vidato vidogo vya mguu vilivyochongwa, vimelika. Baba alikanyaga hapa. Nikaweka mguu wangu humo na nikalia, sitaficha, ni shajara yangu.

Njue alifika kwa bodaboda. Mtu mpole, kofia ya sufu. Mutembei akamwonyesha mti, Njue akatazama juu, akaona viatu vyangu vya kanisani.

“Mama, shuka tafadhali. Mimi niko kazini tu.”

Nikamwambia awashe msumeno wake, nimefundisha watoto watundu kuliko yeye. Akajibu kwamba mila ya hapa haimshiki, lakini mtu akiwa juu hawashi, hata apewe shamba. Alitaka kupanda aniteremshe. Nikasema akiugusa naruka. Akaketi juu ya kisiki, akala viazi vyake, akasubiri. Kisha akauviringisha msumeno kwenye gunia. Huyo, Embu. Nikapunga mkono!

Mutembei alikuwa ameshika kichwa. Nilimwambia kutoka hapa juu naona mashariki yote, Tharaka yote, vumbi mpaka mbingu zinapoishia. Bahari sijaiona. Meli sijaiona. Nimwangalizie tena?

Watu walikuwa wameanza kujaa. Ndipo mzee Mithika akapasua kati yao, huyu ambaye hata chifu humwachia kiti. “Muga,” akasalimia, kana kwamba kila Jumamosi husalimia mtu aliye mtini. Akauliza kama ni kweli ni mimi. Nikasema ni mimi, Karwirwa. Akauzunguka mti polepole. Akatema mate chini.

Akasema mwanamke akishaukwea, basi. Hakuna mwanamume wa hapa atakayeugusa. Hawataukata, hawatauchuma. Tawi lake halitapelekwa kwa wazazi wa msichana yeyote. Hakuna atakayelinunua, akijua.

Mutembei akacheka, kicheko kibaya. “Umeona? Mimi nilitaka kuukata. Wewe umeumaliza.”

Mimi! Niliwacheka kwa kutojua njia ya kontena inaanzia wapi na kuishia wapi, na mimi sikufikiria mbele ya ngazi yangu. Mila niliijua, niliiandika mwenyewe hapa hapa tarehe moja. Nilidhani inawafunga wao tu.

Mzee Mithika alikuwa hajamaliza. Akamwambia Mutembei kwamba mti usioguswa na mwanamume sio wa mwanamume. Ni wa aliye juu yake. Akaniuliza kama nimesikia. Mama naye, kwenye kiti chake, akaitikia: Ii. Hilo alilisikia vizuri kabisa.

Kwa hiyo nimepewa urithi. Mtoto wa kike wa boma hili hajawahi kupewa hata mpaka wa shamba, na mimi nimepewa mti mzima, kwa kuuharibu. Nilichuma kijiti, chekundu, kichanga. Nikatafuna. Kichungu. Halafu kidogo kitamu, kwa mbali.

Mutembei amegeuka akatazama safu iliyong'olewa. Kisha akasema sawa, uwe wako, kampuni nitaongea nayo. Shuka sasa, dada.

Hajaniita dada tangu tumzike Baba.

Nikasema nashuka. Nikajaribu. Goti la kulia limekataa. Limekaza kabisa, halikunji, halinyooki. Nimejaribu mara nyingine. Ngazi iko kwenye nyasi pale pale nilipoitupa.

Nikawaambia waisimamishe. Wakatazamana. Ngazi itaegemea wapi? Itaegemea mti. Wanaume zaidi ya ishirini chini yangu, Kamati yote ya Bandari, mikono mifukoni. Mutembei amepiga hatua moja, mzee Mithika amemtazama, amerudi. Njue saa hii amefika Chuka! Na mimi ndiye niliyempungia mkono.

Akina mama wengine wamesimama mbali, wameshika midomo. Hakuna anayetaka kuwa wa pili.

Chai imeisha. Kuna wingu linakuja kutoka upande wa Maua. Nimeomba mara tatu, kwa adabu. Hakuna anayesogea.

Ngoja. Kuna mtu anapita katikati yao, anawasukuma kwa viwiko. Ana aproni ya bluu ya hoteli. Anainua ngazi peke yake, inamshinda, anaiinua tena. Ameiegemeza. Mutembei anamwita kwa ukali, yeye hageuki. Anatazama juu kwangu.

“Wifi, usisonge,” anasema.

Ednah anavua viatu.