Homa Kidogo

Arusha Chini
6 Mei, 1974

Mama,

Shikamoo leo sina. Wala sikuulizi hali, maana najua u mzima. Aliyezikwa ni mwanangu.

Nimenyamaza mpaka sasa kwa kuwa Wenseslaus aliniomba nisimtukanie mama yake. Sikutukani, nasema tu. Nilimleta Zita kwako Uru kwa sababu huku kwenye miwa mbu wanatumalizia watoto. Akapata surua. Kwa hilo sikulaumu, surua haina mwenyewe. Lakini ukamtuma shemeji Filemon aje kuniambia mtoto ana homa kidogo. Homa kidogo! Naye tayari amekata roho, amefumbwa macho. Mimi nikamngoja mume wangu amalize zamu zake, nikapita sokoni Moshi kumnunulia Zita machungwa. Nimeingia kwako, kihambani, na kikapu mkononi, nakuta udongo mbichi chini ya migomba.

Hata kumfunika shuka hukuniachia. Usiniite tena Mama Zita.

Mkweo,
Kornelia

Uru
15 Mei, 1974

Mwanangu Mama Zita,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Mvua haijakoma na mgongo unanisumbua. Nakwambia hivyo kwa sababu barua nayo ina adabu yake.

Tangu lini mtu akapewa habari ya kifo akiwa mbali, aje kuanguka ndani ya basi? Mama yangu alipofariki niliambiwa anaumwa jino. Nikafunga kanga, nikaenda, nikijua. Nilidhani nawe utajua. Tulikungoja siku mbili. Ya tatu Padri akasema basi, na mwili wenyewe ukawa haungojeki.

Unasema mwanao. Aliyempakata mpaka akakata roho ni nani? Mimi nami nimefiwa, Kornelia. Wanaokuja kutoa pole wote wanauliza mama yake yuko wapi.

Humu nimetia jani la isale. Wewe ni Mchagga, unajua kuwa anayeombwa radhi kwa isale hakatai.

Mama yako,
Hilaria

Arusha Chini
29 Mei, 1974

Mama,

Jani lako hilo, nalirudisha.

Mwiko naujua. Bibi yangu angekuwa hai angenilaani. Lakini ulinidanganya kwa mila, na sasa unataka kuniziba mdomo kwa mila. Mbona kila desturi inakuja upande wako? Yangu mimi mzazi iko wapi?

Wenseslaus anakula, anakwenda zamu. Machungwa yameozea kikapuni na sijamruhusu mtu kuyatupa. Unataka niache hasira. Nikiiacha nabaki na nini cha Zita? Kandambili zake?

Kornelia

Uru
20 Juni, 1974

Mama Zita,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo kidogo.

Jani nimelipata. Nililia kwa uchungu, maana tangu nizaliwe sijaona mtu akirudishiwa isale. Nilitaka nikuandikie siku ileile, na namshukuru Mungu sikuandika, ningekuchoma.

Sasa nakuandikia nimetulia. Wewe hukukosea, mimi ndiye niliyekosea. Desturi ile ni ya kumwonea mtu huruma, nami nilikuonea huruma mpaka nikakunyima mwanao. Ilinipasa nimwambie Filemon akufikishe hapa kwanza, hata kwa kukuvuta mkono.

Ukoo wananisukuma, wanataka pombe ya mbege ipikwe tumalize msiba. Nimewakatalia. Kaburi nalo halijapandwa isale la kulitia alama, na nimewaambia hakuna atakayelipanda mama yake hajafika. Acha wanione kichaa. Jani halioti, kwa hiyo nimekata shina, liko ndani ya ndoo ya maji nyuma ya jiko. Limeanza kutoa mizizi.

Njoo na hasira yako yote. Huku ni baridi, tutaiota.

Mama yako,
Hilaria

Arusha Chini
2 Julai, 1974

Mama,

Shikamoo.

Tunapanda kuja Uru Jumamosi, mimi na Wenseslaus. Mbege wapike. Bado nimekukasirikia, usijidanganye, na huenda nikasema maneno mbele ya watu.

Sitaki anishikie mtu jembe. Nitachimba kwa mikono yangu, nitalipanda hilo isale mwenyewe na kushindilia udongo mwenyewe. Ukoo wote wakae nyuma, pamoja na huyo Filemon.

Wewe simama karibu nami. Mimi sikuwepo, sijui kichwa chake kiko upande gani. Utanionyesha.

Mama Zita