Ukuta wa Sebuleni

Jengo la Mwisho, Ghorofa ya Nne
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa Kitinda, mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Kikohozi kile cha asubuhi kimekuacha? Sisi hatujambo. Goti linamsumbua Mama akipanda ngazi, ila mdomo wake mzima na anautumia vilivyo.

Wageni wako walifika salama, mwalimu wako na mkewe mpiga picha. Nakuandikia mbio uisikie habari hii kwangu kabla hawajarudi, maana nimekuaibisha na sina pa kuweka uso.

Uliposema watu wanapanda ndege kwenda kutazama majengo ya zege tupu, nilicheka. Jengo letu hili, lisiloonja rangi tangu lijengwe? Kazini wakiniuliza ninakaa wapi, huwa najibu "kule karibu na ghala la nafaka", kisha nabadilisha mazungumzo. Basi nikautazama ule ukuta mkubwa wa sebuleni wenye michirizi ya mbao iliyogandia kwenye zege, nikaona haya. Mgeni wako atakunywaje chai mbele ya ukuta ambao haujamalizwa?

Mama alikuwa ameenda kwa mama mdogo. Nikamwita Mzee Mwiko, fundi wa ghorofa ya chini. Akasema zege hii ni laini mno, lipu haitashika mpaka aitindue kwa patasi. Nikamwambia tindua. Tukapiga lipu, tukapaka rangi ya maziwa, nikajiona mwanamume kweli kweli. Mama aliporudi alisema "pazuri", akaingia jikoni. Mimi nikadhani amefurahi.

Wageni walipofika tulianzia nje. Mwalimu wako alisimama chini ya ngazi akatuonyesha zinavyotoka ukutani bila nguzo hata moja. Nimezipanda maisha yangu yote nikinung'unika, sijawahi kuzitazama kwa chini. Kule ghalani mkewe alisubiri kivuli kizunguke yale mapipa makubwa ya zege, nasi tukasubiri naye, na pakapendeza, siwezi kukataa. Nikaanza kujivuna. Nikawa mimi ndiye ninayeeleza, utadhani nililijenga mwenyewe.

Tukapanda juu. Mkewe alipoingia sebuleni akashusha kamera, akauliza kwa upole, "Na ule ukuta wa baba yenu uko chumba gani?"

Kitinda, nilijua. Nilijua marehemu Baba ndiye seremala aliyepanga mbao zilizomwagiwa zege hiyo, na kwamba aliomba nyumba hii kwa sababu ya ukuta huo. Nilijua, na bado nikamwambia fundi atindue. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu.

Mama akatoka na sinia, akaliweka mezani. "Sogezeni kabati," akasema.

Siku ile ya lipu mimi na Mzee Mwiko tulilikwepa kabati kwa uvivu tu, limejaa vyombo na ni zito kama dhambi. Tulipolisogeza, nyuma yake ukuta ulikuwa mzima: mishipa ya mbao, vifundo, hata alama za vichwa vya misumari. Mwalimu wako alipiga magoti. Mama akaweka kiganja pale, akamwambia, "Huyu ndiye mume wangu."

Walipoondoka nilianza kubandua lipu. Chini yake hakuna alama za mbao tena, ni mashimo ya patasi matupu. Mama akaniambia niache. Hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniua.

Picha utaletewa. Ukiziona, usinitetee kwa mtu.

Shemeji yako na wanao wanakusalimu, na Mzee Mwiko pia, ingawa siku hizi tukikutana ngazini kila mtu anatazama kwake. Mola akutunze huko uliko, akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Kabati sasa liko koridoni, tunapita kiubavu. Mama amegeuza kiti chake, anakitazama kile kipande cha Baba na kuipa mgongo rangi yangu ya maziwa. Kando yake ameweka kiti kingine. Anasema ni chako. Mimi sijathubutu kukikalia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na aibu zangu zote.